Nchi Isiyouliza

Nimerudi, tena nimerudi mzima, na mtungi wangu haukupata hata ufa. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asikae roho juu kama nilivyokaa mimi. Yaliyobaki ni kueleza nilikwenda wapi na kwa nini sitaki tena kurudi, ingawa watu wa huko nawapenda.

Jina langu Mwantumu, nina duka la steshenari. Kutwa niko mbele ya kompyuta nachapa kazi za watu, na kama kuna kitu kilikuwa kinanichosha duniani, ni kuulizwa. Nafuta faili, kompyuta inauliza: una hakika? Nafunga dirisha, inauliza: nihifadhi kwanza? Nyumbani nako kuna wifi yangu Asinati, tunakaa naye. Huyo ukimwambia atupe maganda atakuuliza maganda yapi, ya jana au ya leo. Siku moja mteja wangu akanikuta naigombeza mashine, akacheka. Akaniambia iko nchi inaitwa Amrini, haina picha za kubofya wala maswali. Unasema neno moja fupi, jambo linatendeka, basi. Nikamwambia, ndugu yangu, huko ndiko kwetu. Nilifikaje tuyaache, safari zote ni kuvimba miguu.

Lango la Amrini ni ukuta mweusi tii, na pembeni kuna taa ndogo nyeupe inayowaka na kuzima, inawaka na kuzima, kama inakusubiri uanze wewe. Mlinzi aliniangalia akasema, "Uko wapi?"

"Si unaniona? Niko mbele yako."

Akatikisa kichwa. "Uko wapi?"

Nilikwisha kuanza kupandisha sauti pale mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu aliponishika kiwiko. Ndiye Kazija, aliyekuwa mwenyeji wangu muda wote niliokaa kule. Akaninong'oneza, "Shoga, hiyo ndiyo salamu yetu. Jibu kuanzia mbali ukija karibu, mji kwanza. Sema: niko Mzizini, langoni, chini ya taa."

Nikasema, huku najiona mjinga. Mlinzi akafurahi, ila nilipomwambia afungue lango hakulifungua. "Huna ruhusa," akasema.

"Sasa sema tena ulilokuwa unataka," akanong'ona Kazija, "lakini utangulize 'kwa jina la Mkuu.'"

"Kwa jina la Mkuu, fungua lango."

Mlinzi alinisomea mawaidha mafupi kwamba jina hilo ni zito na nilitumie kwa uangalifu, kisha akafungua. Nikamuuliza Kazija huyo Mkuu ni nani hasa. Akasema hawajapata kumwona, lakini ukimtaja mambo yanakwenda, kwa hiyo wanamtaja. Na kweli, kabla hatujafika kwake nilisikia mtu akiomba chumvi kwa jina la Mkuu, na bibi mmoja akimfukuza kuku kwa jina hilohilo. Yale mawaidha ya mlinzi hakuna aliyeyakumbuka.

Kazi zote za Amrini hufanywa na Watenda. Ni watu warefu waliovaa kanzu za kijivu, wamesimama kila kona wakingoja neno. Ukisema "fagia," wanafagia. Ukisema "nakili," wanakutolea kitu cha pili kilicho sawa na cha kwanza, hakitofautiani hata kwa ukope. Hawana hasira, hawana uvivu, hawana swali. Na jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kazi ikiisha vizuri hawasemi chochote. Wanasema tu pale wanaposhindwa. Siku ya kwanza niliwashukuru kwa maji ya kuoga, wakanitazama kama nimewatukana. Kazija akanieleza kuwa kwao ukimya ndiyo habari njema. Nilifurahi mno! Nikalala mchana kutwa katika nyumba ambamo hakuna mtu aliyeniuliza nitakula nini.

Wapo pia Wamaliziaji, nao kazi yao ni kukupunguzia maneno. Ukianza neno, wanalimaliza. Kule sokoni nilisema "nipe vitu," wakamalizia "nguu" na kikapu kikajaa. Nikanogewa. Nikasema "nipe ma," wakanyamaza. Mmoja akagonga kikengele: ting. Nikasema tena "ma," ting. Kazija akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kulikuwa na maji, maziwa, mayai na matango, na hao hawakisii. Lazima uongeze herufi hadi wawe na uhakika, vinginevyo utagongewa kengele mpaka jua lizame.

Basi watu wa Amrini hawapendi kabisa kurefusha neno, na hata kurudia neno wameona ni kazi. Mtu akitaka kurudia amri yake ya mwisho huinua kidevu tu, kidogo hivi, na Watenda wanaitenda upya hapo aliposimama. Bingwa wa kidevu alikuwa Machano, mume wa Kazija. Asubuhi alisema "fagia hapa" mara moja akiwa sebuleni, kisha akapita jikoni kidevu juu, barazani kidevu juu, chumba cha wageni kidevu juu, nami nimelala humo. Nilimwambia, "Shemeji, wewe ukiumwa shingo nyumba itaoza." Akanijibu kwa kuinua kidevu, na chumba kikafagiliwa mara ya pili.

Nisije nikaonekana nawasimanga tu. Nilipelekwa kuhudhuria mjadala wa baraza lao, na nausimulia kama nilivyousikia. Katikati ya mji kipo Chumba cha Kuandikia. Ukiingia humo kuandika, hata mstari mmoja, mlango wa kutokea huuoni. Namna ya kutoka ipo, lakini haikuandikwa popote. Waliokwama hupelekewa chakula dirishani. Hoja ya siku hiyo ilikuwa kama mlangoni pabandikwe kibao cha kuonyesha njia ya kutokea. Wajumbe walipinga kwa nguvu. "Sisi tulijifunza kwa tabu," alisema mmoja huku machozi yakimlengalenga, "leo hawa waje watoke hivihivi?" Wakapiga makofi. Nilipita dirishani nikamuuliza bwana mmoja amekaa humo tangu lini. Akasema tangu hajaoa. Nikamuuliza sasa ameoaje. Akasema mkewe aliingia kuandika barua ya posa ya mdogo wake, naye akakwama.

Mwenyekiti wa baraza lile alikuwa Bwana Mwinyikondo, mwenye cheo cha Msomaji wa Maelezo. Kila neno la amri lina maelezo yake, na Mwinyikondo ameyahifadhi yote kichwani. Tabu yake ni moja, hawezi kuanzia katikati. Nilimuuliza namna ya kuagiza uji bila sukari, akaanza: "Jina: agiza. Muhtasari: agiza, ikifuatiwa na hiari, ikifuatiwa na kitu." Uji ukapoa, ukaganda, akawa bado yuko kwenye hiari. Anakaa jirani na Kazija na kila asubuhi huja kunywa kahawa kwao.

Sasa niseme juu ya mitungi, kwa sababu ndiyo iliyonitoa roho.

Nyuma ya nyumba, upande wa uani, Kazija ana chumba anachokiita Nyimbo. Ndani yake kuna mitungi midogo imepangwa rafu kwa rafu, yote imefunikwa. Ukifunua mmoja, sauti inatoka: mwanamke anambembeleza mtoto alale. Kila mtungi na mama wake. Kazija amezunguka Amrini nzima tangu ujana wake akizikusanya, na wengi wa wanawake wale wamekwisha kufariki. Mtungi ulio karibu na mlango ni wa mama yake mzazi. Alinifunulia jioni ya kwanza. Ilikuwa sauti ya kukwaruza kidogo, na katikati ya wimbo mama anakohoa, anasema "ah, tulia basi," halafu anaendelea kuimba. Kazija aliniambia, "Wimbo wenyewe kila mtu anaujua. Mimi nausikiliza kwa ajili ya hicho kikohozi."

Kesho yake akanipa mtungi kama ule, umefungwa kwa kitambaa. Kwao mgeni hapewi kitu, anapewa nakala ya kitu. Nami kwa ulimi wangu huu nikasema, "Shoga, mzigo wote huu, kwetu mbali." Akacheka tu, akauweka chini ya kitanda changu. Nikausahau palepale.

Nilisahau kila kitu cha maana, nikakumbuka kulalamika. Uani kulikuwa na jalala, na upepo ukigeuka harufu inaingia chumbani. Asubuhi moja nikamwambia Machano, "Shemeji, mimi ni mgeni, sina haki ya kusema, lakini lile jalala!" Mtu mwema yule, akaona haya. Alikuwa katikati ya zamu yake ya kufagia kwa kidevu. Akakatiza, akaenda uani, akasimama jalalani, akasema, "Kwa jina la Mkuu, ondoa vyote vilivyo hapa." Watenda wakaondoa. Kule kuondoa si kutupa. Kuna mlango mdogo wanauita Kusiko, na kinachopita pale hakivunjiki wala hakichomwi, hakipo tena. Huwezi kuokota hata kigae. Dakika chache jalala likawa jeupe, nikavuta hewa safi, nikamshukuru.

Machano akarudi jikoni, akakaa na kahawa yake. Mwinyikondo alikuwa ameshafika. Kazija alikuwa anakanda unga, akamsalimu mumewe kama kawaida yao.

"Uko wapi?"

"Niko Mzizini, Nyumbani, kwa Kazija, jikoni."

"Umepitia wapi?"

"Jalalani, halafu Nyimbo."

"Nyimbo ulifuata nini?"

"Kufagia. Si nilikuwa bado sijafika huko. Nimeinua kidevu tu nikaja zangu."

Kazija akaacha kukanda. "Machano. Kabla ya kuinua kidevu, neno lako la mwisho lilikuwa nini?"

Kikombe kilibaki hewani, kati ya meza na mdomo. Nilimwona shemeji akirudi nyuma kwa macho, jikoni, Nyimbo, jalalani, na alipofika jalalani uso ukamgeuka rangi. Sote tukasikiliza. Kutoka uani hakuna sauti hata kidogo. Wiki nzima nilikuwa nausifia ukimya ule, na sasa ulinisimamisha nywele, maana kwao ukimya ni kazi inakwenda vizuri.

Tulikimbia, Kazija mbele na mikono yake ya unga. Watenda walikuwa wamejipanga kutoka chumba cha Nyimbo hadi Kusiko, wanapokezana mitungi kwa upole, kwa heshima hata, kama wanabeba watoto waliolala. Rafu ya karibu na mlango ilikuwa tupu. Kazija akapiga ukelele: "Acheni! Acheni, mama yangu yumo!" Hawakumtazama. Amri haikuwa yake. Nami nikamkamata mmoja kanzu, akapita na mimi nikiburuzwa, huku mtungi kaushika vilevile kwa upole.

"Mwenye amri ndiye anayeikata!" alilia Kazija. "Machano, kata!"

Kukata amri kunajulikana. Mkono wa kushoto unashika kiuno, wa kulia unachora hewani mwezi mwandamo. Mtoto mdogo anaweza. Lakini Amrini kukata ni aibu kubwa, kwamba mtu mzima umesema neno huku hujui ulisemalo, na watu walikuwa wameshajaa ukutani wanachungulia. Machano alishika kiuno. Mkono wa kulia ukamkwama kifuani. Akamgeukia Mwinyikondo. "Bwana Msomaji, nilisema kwa jina la Mkuu. Je, inakatika?"

Loo! Mwinyikondo akakohoa, akajiweka sawa. "Jina: kata. Muhtasari: kata, bila hiari. Maelezo: neno hili, ambalo hapo kale…"

Mtungi ukapita. Mwingine ukapita.

"…wengine hulihesabu kuwa ni ishara na si neno, na katika suala hili zipo kauli kinzani. Kauli ya kwanza…"

Nawaambieni, sijui nilivyofika. Nilimshika Machano mkono wa kulia kwa mikono yangu miwili, mtu mwenyewe mrefu, nikauzungusha hewani kwa nguvu zangu zote, nikachora mwezi, nikachora na mwingine juu yake kwa hasira. "Aibu ni yako shemeji, lakini mama ni wa mwenzio!"

Watenda wakasimama. Palepale, miguu hewani. Mitungi waliyokuwa nayo mikononi wakaiweka chini, wakarudi kwenye kona zao, hawana kinyongo. Nikakaa chini vumbini. Rafu tatu za nyuma zilikuwa nzima! Watu wakaanza kushangilia, Machano akalia waziwazi, hakujali tena nani anamwona.

Ila Kazija hakushangilia. Alikuwa amesimama mlangoni, kiganja chake juu ya rafu tupu, anaipapasa mahali palipokuwa na mtungi wa mama yake. Ule unga mikononi ukaacha alama nyeupe kwenye ubao. Ndipo nikaukumbuka mzigo chini ya kitanda.

Nilikimbia hadi nikajikwaa kizingitini. Kitambaa nilikifungua kwa meno. Nikauweka mtungi mikononi mwake, nikafunua mimi mwenyewe. Kimya kidogo. Halafu ile sauti ya kukwaruza, ubeti wa kwanza, wa pili, na mimi moyoni naomba, kikohozi, kikohozi kiwemo. Mama akakohoa. "Ah, tulia basi," akasema, akaendelea kuimba.

Kazija aliteremka taratibu mpaka akakaa, amekumbatia mtungi, anacheka na kulia kwa pamoja. Hata Mwinyikondo alinyamaza. Sijawahi kupata faraja kama ile, ilinishuka kutoka utosini mpaka nyayo. Machano akapiga magoti kando ya mkewe, akasema "nisamehe," kwa mdomo wake kamili, bila kutumia kidevu.

Baraza lilikutana mchana uleule. Safari hii hakuna aliyepinga. Ikapitishwa sheria kwamba Mtenda akiambiwa aondoe kitu, kwanza aulize: una hakika? Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha, mimi niliyekimbia kwetu kwa ajili ya swali hilohilo. Asubuhi iliyofuata nikapita mtaani nikakuta watu wamejichongea vibao vya mbao, vimeandikwa NDIYO, wamevitundika shingoni. Mtenda anauliza, kibao kinajibu, mtu anaendelea na kahawa yake. Machano peke yake hakuwa na kibao. Nilimwona jalalani, anaulizwa kwa kila ganda, anajibu kwa kila ganda.

Siku ya kuondoka nilitaka kumrudishia Kazija mtungi. Alikwisha kuwaagiza Watenda wanakili mwingine, umekaa rafuni mahali pake, lakini nikadhani wa kwangu angeuhitaji zaidi kuliko mimi. Akakataa. Akaufunga upya kwa kile kitambaa, akaniwekea kwapani.

"Uko wapi, shoga?" akaniuliza.

"Niko Mzizini, langoni, chini ya taa, na ninakwenda kwetu."

"Basi nenda naye," akasema. "Hapa kwetu watu wana vibao shingoni. Kwenu si wanauliza?"

Nimefika juzi. Nilikuwa nimeuweka mtungi juu ya kabati, kitambaa chake kimechakaa safarini, na kwa kuutazama tu ungesema ni takataka. Jana nikiwa najipumzisha nikamsikia Asinati chumbani anafanya usafi, ufagio unakwenda, kisha ufagio ukasimama.

"Wifi!" akaita. "Hiki kijungu kikuukuu huku juu ya kabati nikitupe, au?"

Akangoja nimjibu. Niliinuka, nikaenda nikamkumbatia kwa nguvu na vumbi lake lote, mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi. Nikamkalisha kitandani, nikafunua mtungi, tukasikiliza wote wawili, na mama wa Kazija alipokohoa, Asinati akageuka kunitazama akauliza, "Huyu ni nani?"

"Uliza tena," nikamwambia.